Mashini ya kufulia nguo ya kuzungushwa kwa mkono

1. Kazi ya kufua

Mtoto aliyekwisha kusaidia mama yake kufua nguo anaijua kazi hii. Nguo zinalowekwa, zinapakwa sabuni, zinasuguliwa, zinasuuzwa, zinakamuliwa, kisha zinaanikwa. Jioni mgongo unauma, na ngozi ya vidole imekunjamana.

Kwa nini inatupasa kusugua? Je, maji na sabuni havitoshi? Havitoshi. Uchafu wa nguo umechanganyika na mafuta ya mwili wetu, nao unashikamana na nyuzi. Maji matupu hayawezi kuuondoa, maana maji na mafuta havipatani. Sabuni inalegeza mafuta. Maji ya moto yanasaidia sabuni. Lakini lazima kitu fulani kiyasukume maji yapite katikati ya nyuzi, yaingie na kutoka, hata uchafu uende nayo. Kitu hicho ni mkono wa mfuaji.

Basi, tazameni vema mkono wa mfuaji. Unafanya mambo matatu: unasugua, unapiga, unakamua. Watu waliotaka kutengeneza mashini ya kufulia walianza hapo. Walijiuliza: «Je, mti na chuma vitaweza kufanya kama mkono unavyofanya?»

2. Watu waliotangulia

Katika mji wa Regensburg, nchi ya Ujerumani, alikuwako mtaalamu jina lake Jacob Christian Schäffer. Alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, tena alichunguza sana uyoga na wadudu. Mwaka 1767 alitoa kitabu chenye picha za mashini ya kufulia, akieleza namna ya kuitengeneza na kuitumia.

Mwaka 1782 Mwingereza Henry Sidgier alipewa hati ya serikali kwa mashini ya namna nyingine. Alifanya kama tundu la vijiti, akalilaza ndani ya pipa la maji, akalitia mpini wa kulizungusha. Nguo ziliwekwa ndani ya tundu. Tundu likizunguka, nguo zinapandishwa juu, kisha zinaanguka majini, pwaa! Kila zikianguka, zinapigwa na maji.

Hati ya serikali ni nini? Ni karatasi inayosema: «Mtu huyu ndiye aliyevumbua kitu hiki. Kwa muda wa miaka fulani, mwingine asikitengeneze wala kukiuza pasipo ruhusa yake.» Shikeni sana neno hili, tutalirudia.

Huko Marekani Nathaniel Briggs alipata hati ya namna hiyo mwaka 1797. Lakini mwaka 1836 nyumba iliyotunza hati hizo iliungua, na maelezo ya mashini yake yakateketea. Mwaka 1851 Mmarekani mwingine, James King, alipata hati kwa mashini yenye pipa la kuzunguka, lililozungushwa kwa mkono.

3. Mashini ya vijiti

Sasa tuangalie mashini moja vizuri, kipande kwa kipande. Wamarekani wanasimulia kwamba mwaka 1874 mtu mmoja wa jimbo la Indiana, William Blackstone, alimtengenezea mke wake mashini ya kufulia, iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Mashini za namna hiyo zilienea sana katika nyumba za wakulima.

Kwanza kuna pipa la mbao, limesimama juu ya miguu. Ndani yake mbao zina matuta, kama shamba lililolimwa. Juu ya pipa kuna kifuniko. Katikati ya kifuniko inapita fimbo ya chuma, imesimama wima. Chini ya fimbo hiyo kimefungwa kitu kama kigoda kidogo chenye miguu minne. Miguu hiyo ndiyo vijiti vinavyoshika nguo. Juu ya kifuniko kuna magurudumu ya meno na mpini.

Mfuaji anatia maji ya moto, sabuni na nguo. Anafunga kifuniko na kushika mpini. Vijiti vinazivuta nguo ndani ya maji na kuzisugua juu ya matuta ya pipa.

Lakini hapa pana shida. Vijiti vikizunguka upande mmoja tu, itakuwaje? Nguo zitajisokota kama kamba, zitavizinga vijiti, mwishowe zitapasuka. Kwa hiyo yafaa vizunguke kuume kidogo, kisha virudi kushoto, kisha kuume tena. Ninyi mnaujua mwendo huu. Anayepekecha kijiti katikati ya viganja vyake anafanya vivyo hivyo: kijiti kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi.

Je, mashini inapekecha namna gani? Mafundi walitumia njia mbili.

Njia ya kwanza: Mpini unasukumwa na kuvutwa. Mwisho wa mpini kuna kipande cha chuma kilichopindwa kama upinde, chenye meno. Meno hayo yanaingia katika meno ya gurudumu dogo lililo juu ya fimbo. Ukisukuma mpini, gurudumu dogo linazunguka kuume. Ukiuvuta, linazunguka kushoto. Tuhesabu. Tuseme upinde una meno 18, na gurudumu dogo lina meno 12. Kila jino la upinde linasukuma jino moja la gurudumu. 18 kugawanya kwa 12 ni 1 na nusu. Basi kila ukisukuma mpini, vijiti vinazunguka mara moja na nusu.

Njia ya pili: Mpini unazungushwa daima upande mmoja, nao umefungwa katika gurudumu kubwa la chuma. Karibu na ukingo wa gurudumu hilo kuna ufito wa chuma. Gurudumu likizunguka, ufito unasukumwa mbele, kisha unavutwa nyuma. Ufito ndio unaosukuma na kuvuta ule upinde wa meno. Hivyo mkono unazunguka upande mmoja, lakini vijiti vinakwenda na kurudi.

Kwa nini gurudumu hilo ni zito? Kitu kizito ni kigumu kuanza kwenda, lakini kikiisha kuanza, ni kigumu kusimama. Mkono unapochoka kidogo, au nguo zinapokaza, uzito wa gurudumu unaendelea kusukuma.

Lakini msidhani ya kuwa gurudumu au meno yanazaa nguvu. Nguvu yote inatoka katika mkono wa mtu. Meno yanaibadilisha tu: ukitaka mwendo mwingi, utasukuma kwa nguvu zaidi, ukitaka kusukuma kwa wepesi, utapata mwendo mdogo.

Mwaka 1907 kampuni ya Maytag, ya mji wa Newton katika jimbo la Iowa, ilianza kuuza mashini ya pipa la mbao iliyozungushwa kwa mkono. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza vyombo vya wakulima. Vyombo hivyo vilinunuliwa katika majira fulani tu ya mwaka, lakini nguo zinachafuka siku zote.

4. Kukamua nguo

Nguo zilizotoka majini ni nzito, nazo hazikauki upesi. Mwaka 1843 John Turnbull, wa mji wa Saint John katika nchi ya Kanada, alipata hati kwa mashini ya kufulia yenye magogo mawili madogo ya kukamulia. Magogo hayo yanalazwa moja juu ya jingine, na kubanwa pamoja. Ukizungusha mpini, yanazunguka kila moja kwa upande wake, yanaivuta nguo na kuibana katikati. Maji yanarudi ndani ya pipa.

Baadaye magogo hayo yalivikwa mpira. Mpira wa zamani ulilainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua ya kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa unakuwa imara, nao unanyumbuka wakati wa joto na wakati wa baridi. Mpira wa namna hiyo unabana nguo pasipo kuikata. Hata hivyo vifungo vilikatika mara nyingi, na mtoto aliyecheza karibu na magogo yale aliweza kubanwa vidole.

Katika mji wa Washington aliishi mwanamke mweusi jina lake Ellen Eglin. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu, akajua kwa mikono yake taabu ya kukamua. Akabuni mashini yake ya kukamulia. Mwaka 1888 aliuza haki ya uvumbuzi wake kwa mtu mwingine, kwa dola 18. Yule aliyenunua alipata faida kubwa.

Kwa nini Ellen aliuza kwa bei ndogo hivyo? Alieleza mwenyewe sababu yake: yeye ni mweusi, na kama ikijulikana ya kuwa mtu mweusi ndiye aliyeivumbua, wanawake weupe hawatainunua. Basi ile hati ya kumlinda mvumbuzi haikumfaa kitu. Sheria ilikuwako, lakini dharau ya watu ilikuwa na nguvu kupita sheria. Akili yake iliwasaidia watu wengi. Jina lake halikuwako juu ya mashini.

5. Kazi iliyobaki

Je, mashini hizi ziliondoa taabu ya kufua? Fikirini kwanza. Katika mashamba ya Marekani wakati ule, kufua, kuchemsha na kusuuza mara moja tu kulitaka maji karibu lita 190. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nyumba nyingi hazikuwa na bomba. Mwanamke alichota maji kisimani, akayabeba, akayachemsha, akayamwaga ndani ya pipa. Halafu akayatoa tena, machafu. Mashini ilisaidia mikono, haikusaidia mgongo. Tena mpini haukujizungusha wenyewe.

Baada ya mwaka 1900 mafundi walianza kufunga mota ya umeme mahali pa mkono. Lakini mafundisho ya zamani hayakufa. Ukitazama mashini ya leo yenye mlango wa kioo, utaona nguo zinapandishwa juu na kuangushwa, kama katika tundu la Sidgier. Linazunguka upande huu, linasimama, kisha linazunguka upande wa pili, nguo zisijisokote. Na maji yanakuja yenyewe kwa bomba. Bomba hilo ni msaada mkubwa sawa na mashini yenyewe.

Kwa hiyo, mtoto, usiidharau kazi ya anayekufulia nguo. Umbali wote wa kwenda mtoni na kurudi ni sehemu ya kazi yake. Ndoo moja uliyombebea ni taabu moja umemwondolea, na ndoo haichagui mvulana wala msichana.

Maulizo

1. Kwa nini maji na sabuni havitoshi kutakasa nguo?
2. Mkono wa mfuaji unafanya mambo gani matatu?
3. Kwa nini vijiti vya mashini havizunguki upande mmoja tu?
4. Upinde una meno 24, gurudumu dogo lina meno 8. Ukisukuma mpini mara moja, gurudumu linazunguka mara ngapi?
5. Gurudumu zito linamsaidia mfuaji namna gani? Je, linazaa nguvu?
6. Ellen Eglin aliuza haki yake kwa dola ngapi? Ni nani aliyekosa katika habari hii?
7. Ndoo ya nyumbani inachukua lita 10. Utakwenda kisimani mara ngapi kupata lita 190? Hesabu hatua za kutoka kwenu mpaka mahali pa maji, kisha useme: mfuaji atatembea hatua ngapi, kwenda na kurudi?