Kioo cheusi baada ya menyu

Swali: Nimepewa netbook kuukuu. Naweka Linux kwa flashi. Menyu inatokea, kisha kioo cheusi tii. Kimekufa?
Mwalimu, Kitangari, Newala

Jibu: Hakijafa, mwalimu, usipande gari kwenda kwa fundi Masasi. Kioo kilichoonyesha menyu ni kizima. Mara nyingi kinachogoma ni draiva ya picha. Kwenye menyu bonyeza herufi e, shuka hadi mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Picha itakuja, nzito kidogo.

Kero nyingine: vioo vingi vya netbook ni 1024 kwa 600, kitufe cha kuendelea hujificha chini. Shikilia Alt, buruta dirisha juu. Baadaye andika lspci kwenye terminal uone chipu ya picha. Ukiona Poulsbo, video laini sahau.