Ganzi ya Mkono: Tafuta Chanzo, Usitibu Vidole Tu

Vidole vikifa ganzi, wengi wetu huanza kwa kuvichua, kuvipaka mafuta ya moto na kusubiri. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa tatizo linaonekana vidoleni. Hata hivyo, mishipa ya fahamu, yaani neva, haianzii vidoleni. Huanzia shingoni, ikapita chini ya mtulinga, kwapani, kwenye kiwiko na kifundo cha mkono, na inaweza kubanwa, kuvutwa au kukatika popote katika safari hiyo. Kwa hiyo mahali dalili inapojitokeza na mahali neva ilipoumia mara nyingi ni sehemu mbili tofauti. Anayelijua hilo huwahi matibabu yanayofaa. Asiyelijua anaweza kupoteza miezi ambayo neva haiwezi kumrudishia.

Njia ya neva

Neva za bega na mkono hutoka katika mizizi mitano: minne ya sehemu ya chini ya shingo na mmoja wa mwanzo wa kifua. Mizizi hii huungana na kugawanyika tena kati ya shingo na kwapa, kisha hutoa neva kuu tano. Neva ya kwapa huzunguka mfupa wa mkono karibu na bega na kuusaidia mkono kuinuka pembeni, ndiyo maana huumia bega linapoteguka. Ya pili hukunja kiwiko na hupeleka hisia upande wa nje wa kigasha. Neva ya rediali hupita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, ikinyoosha kiwiko, kifundo na vidole. Neva ya mediani hupenya njia nyembamba kwenye kifundo na kuhudumia, upande wa kiganja, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, karibu sana na ngozi, na kuhudumia kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya cha pete.

Kwa kuwa kila neva ina eneo lake, dalili zenyewe hutoa ushahidi. Ganzi ya gumba hadi kidole cha kati inayomwamsha mtu usiku huelekeza kwenye mediani iliyobanwa kifundoni, hali inayowapata pia wajawazito na wenye kisukari. Ganzi ya kidole cha mwisho huelekeza kwenye kiwiko. Kiganja kinacholegea na kushindwa kuinuka huelekeza kwenye rediali, iwe mfupa umevunjika, magongo yamebana kwapa, au mtu amelala fofofo mkono ukining’inia kwenye kiti. Mkono mzima ukilegea baada ya ajali ya bodaboda, inawezekana bega na shingo vilivutwa pande tofauti hadi mizizi ikachanika, hata kama mkono wenyewe hauna jeraha.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kazi hii ni ya daktari. Ni kweli kwamba ramani hii haitoshi peke yake: mzizi uliobanwa shingoni unaweza kutia ganzi gumba sawa na mediani, na mkono unaolegea ghafla pamoja na uso kupinda au maneno kukwama ni dalili ya kiharusi inayotaka hospitali papo hapo. Lakini daktari huanza na maelezo ya mgonjwa, na “mkono unauma” humsaidia kidogo kuliko “vidole viwili vya mwisho vina ganzi”.

Wengine watasema ganzi huisha yenyewe. Huisha, ikiwa neva ilibanwa tu kwa muda. Nyingine hupona kwa wiki kadhaa. Neva iliyokatika ni jambo jingine. Hata ikiunganishwa, huota kwa takriban milimita moja kwa siku, hivyo sentimita 60 huchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Wakati huo misuli isiyo na neva inanyauka, na ikikaa hivyo muda mrefu haiwezi tena kuamka. Ndiyo maana mizizi iliyochanika hutakiwa kufanyiwa upasuaji ndani ya miezi michache ya kwanza, na mtoto aliyeumia bega wakati wa kuzaliwa, ingawa wengi hupona, apelekwe kwa mtaalamu iwapo hakunji kiwiko akifika miezi 3. Kuchua hakuunganishi neva.

Ukoma unathibitisha hoja hii kwa namna ya pekee. Bakteria wake hushambulia neva zilizo karibu na ngozi, alna ikiwamo, na baka lisilohisi huweza kutangulia vidole kujikunja. Dawa hutolewa bure kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani tangu 1995, na huua bakteria. Lakini vidole vilivyokwisha kujikunja dawa hizo hazivinyooshi. Kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu.

Unapokwenda kituo cha afya, eleza mambo manne: ni vidole vipi, ni tendo gani limekushinda, lilianza lini, na nini kilitangulia. Udhaifu ulioanza baada ya ajali, au ganzi inayozidi kuenea, usiusubirie wiki nyingine.