MASHINE YA KUKATA NYASI: PIGENI HESABU KABLA YA KUIPANDA

SOMO LA VIKUNDI

Lengo: Baada ya somo hili, kikundi kiweze kuamua kama kinunue mashine ndogo ya kupanda, na kujua jinsi ya kuikagua, kuitunza na kuiuza kabla haijafa.
Mnahitaji: daftari, kalamu, futi ya kupimia, na kamba yenye urefu wa mita moja.
Someni kwanza: Luka 14:28-30.



Kikundi kimoja cha watu 18 kilikuwa kikipata kandarasi ya kufyeka nyasi katika shule na zahanati. Kazi ilikuwa nzuri lakini migongo iliuma. Siku moja wakasikia kuna mtu anahama na anauza mashine ya kukata nyasi, ile ndogo ambayo dereva huketi juu yake na injini iko nyuma chini ya kiti. Wakaitisha mchango wa haraka. Wakalipa. Risiti hawakuuliza, kwa sababu muuzaji alikuwa "mtu mzuri."

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa sherehe. Watoto walikimbia kuja kuitazama. Mwezi wa nne injini ikakwama kabisa katikati ya uwanja wa shule. Fundi wa jua kali akaifungua, akauliza swali moja tu: "Nani alikuwa anapima oili?" Kila mtu akamtazama mwenzake. Mwishowe ilinunuliwa na mtu wa vyuma vikuukuu, kwa kilo.

Nilikaa katika mkutano wao baada ya hapo. Mama mmoja alisimama akasema, "Pesa yangu ilikuwa ya karo. Mliniambia itazaa." Hakuna aliyekuwa na jibu. Yeye na wenzake wawili wakajitoa.

Kilichowaponza ni mambo matatu: hawakukagua, hawakutunza, na hawakujua kwamba mashine inakula pesa hata siku ambayo inaonekana inaleta pesa. Basi tujifunze.

1. JE, NI KAZI YA MASHINE HII?

Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya nyua za nyumbani, sana sana huko Marekani, ambako chapa ya Snapper ni maarufu kwa aina hii yenye injini nyuma. Ni nyepesi, inapita kwenye lango jembamba na inakata kona vizuri. Lakini imezoea nyasi fupi na uwanja ulio sawa. Nyasi zikifika magotini, lazima zifyekwe kwanza kwa mkono. Ukiilazimisha, mkanda utaungua na injini itachoka.

Tembeeni kwenye viwanja mnavyotaka kukata. Mkiona mawe, visiki, vichuguu na mteremko kila mahali, bakini na fyekeo. Fyekeo halina deni. Mkiona viwanja vya mpira, nyua za kanisa na za zahanati zinazokatwa kila wiki mbili, hapo mashine inaweza kujilipa.

Uwezo wake ni huu. Kisu cha inchi 28 ni kama sentimita 71, lakini kila mstari hupanda kidogo juu ya mwingine, kwa hiyo hesabuni 60. Ukiweka na kugeuka, kushusha na kupumzika, ekari moja huchukua kama saa mbili na nusu.

2. KUNUNUA: KAGUENI MAMBO MANANE

Nendeni watu watatu pamoja na fundi wenu, si wa muuzaji. Mwambieni muuzaji mapema asiiwashe kabla hamjafika. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake.

(a) Gusa injini. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini.

(b) Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji. Oili yenye chembe za chuma zinazong'aa inaonyesha injini inajila yenyewe. Rudini nyumbani.

(c) Washa, uangalie moshi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua ndani, na dawa yake ni ghali. Moshi mweusi ni petroli nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Huo mara nyingi hutengenezeka kwa pesa kidogo.

(d) Sikiliza mtetemo kisu kikizunguka. Kama mashine yote inatetemeka, huenda kisu kiligonga jiwe na ekseli yake imepinda.

(e) Zima, chomoa waya wa plagi, kisha utikise kisu kwa mkono uliovaa glavu. Kikicheza juu na chini, beringi zimekwisha.

(f) Chokora kwa bisibisi bati linalofunika kisu. Bisibisi ikipenya, kutu imemaliza kazi.

(g) Mtu mzito aipande, aiendeshe kwenye kilima kidogo. Aina nyingi huvutwa na gurudumu dogo la mpira linalosuguana na sahani ya chuma. Mpira ukiisha, injini inanguruma lakini mashine haiendi.

(h) Chini ya kiti nyingi zina swichi: dereva akiinuka kisu kikiwa kinazunguka, injini huzimika. Ijaribuni kwa kujiinua kidogo tu, miguu ikibaki mahali pake. Wako watu wanaounganisha waya ili swichi isifanye kazi. Msinunue mpaka irudishwe. Swichi hiyo ni mguu wa kijana wenu.

Na sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Andikeni namba zilizochongwa kwenye injini na vipimo vya mikanda, mwende nazo kwenye duka la spea KABLA ya kulipa. Ulizeni filta, plagi, mkanda na kisu. Kama mwenye duka hajawahi kuona kitu kama hicho, mashine ni rahisi leo, ghali kesho.

Mkiridhika, andikeni mapatano kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Yawe na namba ya kitambulisho cha muuzaji, namba za mashine, bei, tarehe na mashahidi. Kama iliagizwa kutoka ng'ambo, ombeni karatasi za ushuru. Siku ya kuiuza mtaulizwa karatasi hizo hizo.

3. KUTUMIA

Chagueni madereva wawili tu, wafunzwe. Kitu cha watu wote hakina mwenyewe. Mmoja awe na daftari la mashine. Kila siku aandike: tarehe, mahali, saa ilizofanya kazi, petroli, na alichokiona.

Kila asubuhi: pima oili mashine ikiwa imesimama mahali sawa. Safisha nyasi kwenye mapezi ya injini, maana injini hii hupozwa kwa hewa. Tazama mkanda na kaza nati.

Kila saa 25 mahali penye vumbi na joto: badilisha oili. Filta ya sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Filta ya karatasi haioshwi. Kung'utwa taratibu inatosha, na ikichafuka sana nunueni nyingine.

Kisu: chomoa waya wa plagi kwanza, kila mara, hata kama una haraka. Noa pande zote mbili sawasawa. Kining'inize katikati kwenye msumari. Upande ukishuka ni mzito, punguza tena. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mkijua itakaa zaidi ya mwezi, maliza petroli ndani. Petroli ikikaa hugeuka gundi kwenye kabureta.

Mteremko: hapa ndipo watu huumia. Injini iko nyuma na dereva pia yuko nyuma, kwa hiyo ukipanda kilima na kuachia klachi ghafla, magurudumu ya mbele huinuka na mashine inaweza kukuangukia. Panda na kushuka moja kwa moja, usikate kwa upande. Pimeni hivi: shika ncha moja ya kamba ya mita moja chini kwenye mteremko, uivute ikae sawa hewani kuelekea bondeni, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Ikizidi sentimita 27, hapo ni pa fyekeo. Na kama mashine haiwezi kupanda mahali kinyumenyume, usiipeleke hapo.

Watoto wasiwe uwanjani, na asipakiwe mtoto hata mmoja. Okoteni mawe, waya na chupa kabla ya kuanza. Msitie petroli injini ikiwa moto.

4. HESABU AMBAYO HAIONEKANI

Tuchukue mfano. Wekeni bei za kwenu mahali pa hizi.

Kununua: sh. 90,000. Kutengeneza kabla ya kuanza: sh. 15,000. Jumla 105,000. Tuseme itafanya kazi saa 400, kisha tutaiuza sh. 45,000. Maana yake mashine imepoteza sh. 60,000. Gawanya kwa saa 400: sh. 150 kila saa.

Gharama ya saa moja:
Kuchakaa kwa mashine: sh. 150
Petroli lita 2 kwa sh. 180: sh. 360
Oili, mikanda, kisu na fundi: sh. 90
Dereva: sh. 150
Jumla: sh. 750

Sasa kikundi kinatoza sh. 600 kwa saa. Mwekahazina anatoa petroli 360 na dereva 150, anabaki na 90. Anafurahi. Kwa saa 400 ni sh. 36,000, na wanagawana Krismasi. Kumbe gharama ya kweli ya saa 400 ni sh. 300,000, na wameingiza 240,000. Wamepungukiwa sh. 60,000. Walichogawana hakikuwa faida. Waligawana mashine yenyewe, kipande kwa kipande.

Kwa bei hizi, ekari moja inawagharimu kama sh. 1,875 kabla ya usafiri na faida. Mwalimu mkuu akisema atalipa 1,500, mshukuruni na mkatae kwa heshima.

Kila saa, zile sh. 150 za kuchakaa na sh. 90 za matengenezo ziende benki, kwenye fungu lao, kabla ya mtu yeyote kulipwa faida. Hilo ndilo lingemwokoa yule mama wa karo.

5. KUUZA

Watu wengi huuza mashine ikishakataa kuwaka. Wakati huo hauzi mashine, unauza chuma. Iuzeni ingali inafanya kazi. Dalili za kuuza ni mbili: fundi akitaja bei inayozidi nusu ya thamani yake, au saa mlizopanga zikitimia na fungu likiwa tayari kununua nyingine.

Bei ya kuanzia mnayo katika daftari. Katika mfano wetu, ikifanya kazi saa 200 imechakaa sh. 30,000. Kwa hiyo thamani yake kwenu ni sh. 75,000. Soko linaweza kusema vingine, lakini mkiijua namba hiyo hamtauza kwa bei ya kutupa.

Uzeni mvua zinapoanza, nyasi zinapoota na wateja wanapotafuta. Ioshwe, kisu kinolewe, oili iwe safi. Mwonyesheni mnunuzi daftari. Mashine yenye daftari inajieleza yenyewe.

Na semeni ukweli. Kama mpira wa kuvuta umechakaa, mwambieni. Msitie oili nzito ili kuficha moshi. Mnunuzi huyo labda ni kikundi kama chenu, na ndani yake kuna mama mwenye pesa ya karo.

Mauzo yapitishwe na mkutano na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Wawepo wanachama watatu. Pesa ziende benki siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Luka 14, yule mjenzi alichekwa kwa nini? Je, kikundi chetu kimewahi kuchekwa hivyo?
2. Ni viwanja vingapi karibu nasi vinavyofaa mashine? Vitatupa saa ngapi kwa mwezi?
3. Mashine ikiharibika mikononi mwa dereva, nani analipa? Andikeni kanuni leo, kabla ya kununua.
4. Tuna kitu gani kingine cha kikundi, kama posho mill, pampu au viti vya kukodisha, ambacho tunagawana kuchakaa kwake tukidhani ni faida?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aulize bei ya petroli, oili na mkanda mjini. Mwekahazina apige upya hesabu ya sehemu ya 4 mbele ya wote. Ikiwaonyesha kwamba haifai, msione aibu kuacha. Pesa iliyobaki benki haijapotea.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.