Dondoo muhimu: Kuchagua bunduki ya .22 ya kulengea shabaha

Anza na kibali kabla ya kwenda dukani. Hata bunduki ndogo ni silaha mbele ya sheria.

Kuhusu risasi, usihangaike: chukua .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887. Ni nafuu, haipigi bega, na ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki ya mita 50.

Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964, hujipakia yenyewe. Ni raha tupu, ila raha hiyo humaliza boksi la risasi upesi. Anayeanza ningempa ya boliti, kama CZ 457. Kuvuta boliti kila baada ya mlio humpa nafasi ya kupumua na kulenga upya.

Usilipe kabla hujaiweka begani. Kitako kikiwa kirefu mno, utajikuta unanyoosha shingo kuitafuta darubini. Pima pia uzito wa triga, lakini mwombe muuzaji ruhusa: bunduki nyingi za zamani za aina hii huharibika zikifyatuliwa bila risasi, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba.

Bakiza fedha za kujaribu risasi za kampuni tatu au nne, maana kila mtutu una risasi unazozipenda. Zile zenye mwendo chini ya kasi ya sauti mara nyingi hutua karibu karibu zaidi. Na miwani ya kinga pamoja na vizuia sauti vya masikioni vinunue siku hiyohiyo.