SOMO LA AFYA: POPO, MAPANGO NA UGONJWA WA MARBURG



Wengi wenu mlipita porini kabla ya kufika kambini, na wengine mlilala mapangoni. Wapo wanaokwenda hata leo kuchimba dhahabu. Somo hili linahusu ugonjwa unaoweza kumpata mtu huko, na jinsi wataalamu wanavyotambua ulikotoka. Ukielewa hilo, utajua namna ya kujikinga wewe na jamaa yako.

1. Marburg ni nini?

Marburg ni homa kali inayoletwa na virusi vilivyo jamaa na virusi vya Ebola. Jina hili ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko waliugua baada ya kugusa tumbili walioletwa kutoka Uganda. Lakini makao ya virusi hivi si tumbili. Ni popo wanaokula matunda na kulala kwa maelfu ndani ya mapango na machimbo. Popo hao hubeba virusi bila kuugua. Virusi hutoka katika mate, mkojo na mavi yao.

2. Kwa nini virusi hivi si vya namna moja?

Fikiri juu ya barua inayonakiliwa kwa mkono. Wa kwanza anakosea herufi moja. Wa pili ananakili kosa hilo na kuongeza la kwake. Baada ya watu mia moja, barua ni ileile lakini nakala hazifanani. Ukiona nakala mbili zenye makosa yaleyale, unajua zimetoka mkono mmoja.

Virusi navyo vina maandishi ya urithi, yenye herufi zipatazo 19,000 kwa virusi vya Marburg. Kila vinapozaliana hunakili maandishi hayo, na makosa hutokea. Katika chimbo la Kitaka, magharibi mwa Uganda, walikuwako popo zaidi ya 100,000. Wachimbaji walipougua mwaka 2007, wataalamu waliwapima popo. Katika chimbo hilohilo walikuta virusi vya koo mbalimbali, vingine vikitofautiana kwa herufi zipatazo 20 katika kila 100. Baadhi vilifanana sana na vile vya wachimbaji. Kundi kubwa la popo huzaa watoto kila msimu, na watoto hao huambukizwa upya. Kwa hiyo virusi haviishi, bali huendelea kubadilika na kuwa vya aina nyingi.

3. Durba na Uíge: hadithi mbili

Kati ya mwaka 1998 na 2000, watu 154 waliugua katika eneo la Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na 128 walikufa. Wengi wa walioanza kuugua walikuwa wachimba dhahabu. Maandishi ya virusi yaliposomwa, zilionekana koo zisizopungua 9. Maana yake, ugonjwa haukuingia mara moja tu. Ulitoka chimboni tena na tena, kila mara kwa mtu mwingine. Chimbo lilipojaa maji, ugonjwa ukakoma.

Uíge, nchini Angola, mwaka 2004 na 2005, mambo yalikuwa tofauti. Waliugua watu 252 na kufa 227, lakini virusi vyao vilikaribia kufanana kabisa. Maana yake, virusi viliingia mara moja, kisha watu wakaambukizana wenyewe majumbani, hospitalini na mazishini.

Basi ugonjwa huu una milango miwili. Mlango wa kwanza ni pango. Mlango wa pili ni mgonjwa na maiti. Ukifunga mmoja na kuacha mwingine wazi, hujajikinga.

4. Je, tuwaue popo?

Hapana. Huko Kitaka watu waliwaua popo na kuziba njia zao. Mwaka 2012 popo wachache walikuwa wamerudi. Kabla ya kuuawa, popo wapatao 5 katika kila 100 walikuwa na virusi. Sasa walikuwa 13 katika kila 100. Mwaka huohuo ugonjwa ulilipuka tena Ibanda, karibu na hapo. Kuwaua popo ni hatari kwa anayewaua, na wageni wanaohamia huja na virusi vyao. Tena popo hupanda mbegu za miti na kuchavusha maua. Waache walipo, nawe ukae mbali nao.

5. Ufanye nini?

- Usiingie pangoni wala katika chimbo lenye popo. Wakanye watoto.
- Usishike wala kula popo. Usile tunda lililotafunwa na mnyama. Osha matunda, funika maji na chakula.
- Homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, kutapika na kuhara vyaweza kufanana na malaria. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21. Nenda zahanati mapema, na useme wazi kama uliingia pangoni au ulimuuguza mtu. Usiogope kusema.
- Usiguse damu, matapishi wala nguo za mgonjwa kwa mikono mitupu. Nawa kwa sabuni.
- Usimwoshe maiti wa ugonjwa huu. Waite wahudumu wa afya, mkubaliane namna ya kumzika kwa heshima.

Kuwahi matibabu kunaokoa. Nchini Rwanda, mwaka 2024, watu 66 waliugua, wengi wao wahudumu wa afya. Walitunzwa mapema, wakaongezewa maji mwilini na kupewa dawa zilizokuwa zikijaribiwa. Walikufa 15, na wengine 51 walipona.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini koo nyingi za virusi huko Durba zilionyesha kwamba ugonjwa ulitoka chimboni mara nyingi?
2. Jirani yako ametoka machimboni na ana homa. Utamshauri nini?
3. Ni mlango upi kati ya ile miwili ulio wazi zaidi katika mtaa wenu? Mtaufungaje?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee.