ELIMU YA ARDHI: Yanayopaswa Kujulikana Kabla ya Kuuza Shamba kwa Fedha Taslimu

Katika vijiji vya ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Msalala na Kahama, mnunuzi wa ardhi mwenye fedha mkononi amekuwa mtu wa kawaida. Hufika na dalali kwa pikipiki, aghalabu katika miezi ya njaa kabla ya mavuno au shule zinapofunguliwa mwezi Januari, na hutaka mauzo yakamilike siku hiyo hiyo. Mwenye shamba huelezwa mambo mawili: kwamba ardhi yake ni pori tupu, na kwamba kwa kuwa hana hati hatapata mnunuzi mwingine.

Hoja ya pili haina msingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Hati ya Hakimiliki ya Kimila ni ushahidi wa haki hiyo, na ni vema kila kaya ikaiomba. Lakini aliyerithi shamba kwa mujibu wa mila si mvamizi kwa sababu tu hana karatasi. Kauli ya "huna hati" hutumika zaidi kushusha bei.

Ama kuhusu utupu wa shamba, wakazi wa Shinyanga wanafahamu kuwa si kila eneo lisilolimwa ni tupu. Ngitili huachwa kwa makusudi ili majani yaote na mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi; mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua nyingi zilizokuwa zimetoweka. Ngitili ya kaya ikiuzwa leo, ng'ombe watakosa pa kulishwa mwezi Septemba. Ngitili ya kijiji ni ardhi ya wote, na hakuna mtu binafsi mwenye mamlaka ya kuiuza.

Lipo pia suala la kilichomo chini ya ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, madini ni mali ya umma. Mwenye shamba hamiliki dhahabu iliyo chini yake. Hata hivyo, mwenye leseni ya uchimbaji hawezi kuupuuza uwepo wa mkazi halali wa juu ya ardhi: mkazi huyo ana haki ya fidia kwa mazao, majengo na ardhi anayoipoteza. Anayenunua shamba kwa haraka pembezoni mwa machimbo huenda anainunua fidia hiyo kwa bei ya mahindi. Mwenye shamba anayetiliwa shaka namna hiyo na aulize kwanza katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi kama eneo lake limo ndani ya leseni ya mtu.

Jambo linalowaponza wengi ni idhini. Mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, ukashuhudiwa na majirani wawili na kugongwa mhuri wa Mtendaji, hudhaniwa kuwa umekamilika. Mhuri wa Mtendaji peke yake si uamuzi wa Halmashauri ya Kijiji. Idhini hutolewa na Halmashauri ya Kijiji ikiwa imeketi katika kikao, na uamuzi wake huingizwa katika muhtasari. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kutamka, katika shauri lililoripotiwa mwaka 1985, kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu kisheria. Athari zake huwapata wote wawili. Mnunuzi aweza kuikosa ardhi aliyokwisha kuijengea. Muuzaji naye aweza kudaiwa fedha ambazo zilikwisha kutumika kwa ada, matibabu au kununua pikipiki iliyokwisha kuharibika.

Wapo wanaolalamika kwamba kusubiri kikao ni urasimu. Lakini sheria iliweka kituo hicho kwa sababu maalumu: Halmashauri ya Kijiji inapaswa kujiridhisha kwamba muuzaji na wategemezi wake watabakiwa na ardhi ya kuwatosha kuishi, na kwamba mauzo hayatamnyima mwanamke haki yake ya kutumia ardhi. Ndiyo maana mume anayeuza shamba mkewe akiwa msibani au kwa wazazi wake hujitafutia shauri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi inamtambua mwenzi aliyechangia nguvu zake katika shamba. Ikiwa shamba ni la mirathi isiyogawanywa, ndugu mmoja hawezi kuliuza kana kwamba ni lake pekee.

Mwenye shida ya kweli na haraka ya kweli aweza kuuza sehemu tu ya shamba, mipaka ikipimwa mbele ya majirani. Malipo yapitie benki, yote kwa mkupuo. Ahadi ya "nusu sasa, nusu baada ya mavuno" imezaa mashauri mengi. Ada yoyote inayodaiwa ofisini itolewe stakabadhi. Kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, TRA iulizwe mapema, kwa kuwa shamba lililolimwa kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, na lenye thamani ya soko isiyofika shilingi milioni 10, husamehewa.

Mgogoro ukishatokea, hatua ya awali ni usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila muafaka, mlalamikaji hupeleka shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na mkataba wake na nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo.