JUA SHERIA: Ukishtakiwa kwa deni, usinyamaze

Wakazi wengi wa Migori na Homa Bay wanajua kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Lakini ni haki ya kesi za jinai, kama vile wizi. Kesi za madai, kama za deni, mpaka wa shamba au fidia ya ajali, zina utaratibu wake.

Nani athibitishe?

Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinasema anayedai jambo ndiye alithibitishe. Tuseme mvuvi wa Mbita anadaiwa Sh80,000 za injini ya boti. Mdai ndiye aonyeshe kwamba deni lipo. Mvuvi akijibu kwamba alishalipa, basi ni juu yake kuonyesha malipo hayo.

Kiasi gani cha ushahidi?

Katika jinai, kosa huthibitishwa pasipo shaka ya maana. Katika madai, hakimu hupima ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Ndiyo maana mwendesha bodaboda anaweza kuachiliwa katika kesi ya trafiki, kisha akaamriwa kulipa fidia kwa ajali hiyo hiyo.

Hatari ya kunyamaza

Mshtakiwa wa jinai ana haki ya kunyamaza. Katika madai, asiyekuwapo na lake halipo. Samansi ikipuuzwa na deni likiwa la kiasi maalumu, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 huruhusu hukumu kutolewa bila ushahidi kusikilizwa. Baada ya hapo, mali inaweza kupigwa mnada.

La kufanya

1. Soma samansi uone siku ulizopewa kujibu.
2. Wasilisha jibu kwa maandishi katika masjala ya mahakama iliyotajwa, iwe Rongo, Kehancha, Oyugis, Ndhiwa au kwingineko, na ubaki na nakala yenye muhuri.
3. Hifadhi risiti, mikataba na jumbe za M-Pesa.
4. Ikiwa hukumu imeshatolewa bila wewe kusikilizwa, omba haraka itenguliwe. Mahakama ina uwezo huo, lakini itataka kujua kwa nini hukujibu na kama una utetezi wa kweli.

Usingoje dalali abishe hodi.